Siku Uboho Wangu Ulipoitika

Kwa miaka kumi na minne niliandika sentensi ileile ubaoni, darasa la sita, kipindi cha Sayansi: "Damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa." Watoto waliinakili, nami nikafuta ubao na kuendelea na habari za meno. Kwenye mtihani sentensi hiyo ilikuwa na alama moja tu. Aliyeikosa sikumgombeza sana, kwa sababu hata mimi niliiona ni kitu kidogo. Siku hizi nikipita kwenye bucha la hapa Kibosho nikaona mfupa uliopasuliwa, na ule uboho mwekundu ndani yake, husimama nikautazama. Muuza nyama hudhani nataka kununua.

Naandika kwa ajili yako uliyepewa karatasi ya majibu ukaikunja na kuitia ndani ya Biblia au chini ya godoro, ukijipa muda kabla ya kumwambia mtu. Mimi si daktari. Mambo ya kitaalamu nitayagusa pale tu nilipoyaona kwa macho yangu au yaliponiuma mwilini. Nitakueleza nilivyokaa kwenye benchi, nilivyomkosea mama yangu, na jinsi habari ndogo isiyoonekana ilivyoingia ndani ya mifupa yangu na kupokelewa. Nina mdomo mkali, wanaonifahamu watakuambia, kwa hiyo usitarajie nitalia kila ukurasa.

Ilianza wakati wa kuchuma kahawa, mwishoni mwa miaka ya tisini, ile miaka wanunuzi binafsi walipokuwa wakipanda mlimani na magari yao na kila mtu ana haraka. Nilishika shingo, chini ya sikio la kushoto, nikakuta kivimbe ukubwa wa punje ya kahawa mbivu. Hakikuuma. Nikakitafutia sababu: jino bovu, mafua, baridi ya huku kwetu. Kilipofikia ukubwa wa yai, nguo zangu zote zilikuwa zimenipwaya na nilikuwa nahema nikipanda ngazi tatu za ofisi ya mwalimu mkuu.

Miaka ile mtu akikonda watu hawakuuliza anaumwa nini. Walishajua, au walidhani wanajua. Walimu wenzangu wakaanza kunisalimia kwa sauti ya msibani. Mmoja, ambaye tulikuwa tukitumia kikombe kimoja cha chai tangu chuo, akaja na kikombe chake kutoka nyumbani. Nilichukua kile cha zamani, nikamimina chai, nikainywa polepole mbele yake mpaka tone la mwisho. Sikujisikia vizuri zaidi, lakini ilibidi nifanye kitu.

Mume wangu, Baba Rozi, alikuwa karani wa masjala kwenye ofisi moja Bomang'ombe, na ni mtu wa maneno machache. Jumanne moja aliamka akavaa shati lake la Jumapili. Akasema, "Leo siendi kazini. Tunakwenda hospitali." Nikamuuliza nani mgonjwa. Alinishikia mlango mpaka nikatoka.

Walikata kipande cha ule uvimbe wakakipeleka kupimwa, tukasubiri wiki tatu. Daktari wangu alikuwa mama mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani kabla ya kusema jambo zito. Alipoivua tu, nikajua. "Mwalimu, ni saratani ya tezi," akasema. "Lakini ni ya aina inayotibika." Mimi nilisikia sentensi ya kwanza. Baba Rozi alisikia ya pili, na njia nzima ya kurudi Kibosho alikuwa akiirudia, gari likitutikisa kwenye makorongo ya barabara yetu: inayotibika, amesema inayotibika. Kama na wewe utaitwa kwenda kusikia majibu, nenda na mtu. Masikio mawili hayatoshi siku hiyo.

Nilipangiwa dripu nane za dawa ya saratani, moja kila baada ya wiki tatu. Nilizihesabu kwenye kalenda ya parokia: ningeanza Majilio na kumaliza karibu na Pentekoste. Dawa mojawapo ilikuwa nyekundu, na ilipoingia tu nilihisi mdomoni ladha ya msumari. Baada ya wiki ya tatu nywele zilianza kubaki kwenye mto. Binti yangu Rozi, aliyekuwa kidato cha pili, alininyoa kibarazani, na alipomaliza akanipapasa kichwa na kusema, "Mama, kumbe una kichwa kizuri." Kucha zikawa nyeusi. Ndizi, ambazo nimelelewa nazo, zikaanza kunukia sabuni. Nilikuwa naiomba sahani radhi nikiirudisha jikoni imejaa.

Nje ya maabara palikuwa na benchi la mbao lililopakwa rangi ya kijani, limechakaa katikati kwa kukaliwa. Kila kabla ya dripu ilibidi nipimwe damu kwanza, na chembe nyeupe zikiwa chache, hakuna dripu. Kwa hiyo sote tuliokaa pale tulikuwa tukisubiri mlango mmoja ufunguke na mtu mmoja atoke: Bwana Elia, fundi sanifu wa maabara, mtu wa Machame, Mlutheri wa kuimba besi, na mtani mkubwa. Nimekutana na wataalamu wengi tangu hapo, sijaona wa kumfikia. Hakumpa mtu karatasi bila kumtazama usoni kwanza. Kwangu alikuwa na maneno yake.

"Mwalimu, umefaulu," alisema mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Mara ya nne alitoka, akakaa kando yangu kwenye benchi. "Mwalimu, leo umefeli. Rudi nyumbani, tutakupa mtihani mwingine wiki ijayo."

Wiki iliyofuata nikafeli tena. Daktari akavua miwani. Akanieleza kwamba dawa ile haichagui. Inaua kila kinachogawanyika haraka mwilini, saratani na nywele na uboho, vyote pamoja. Uboho wangu ulikuwa umechoka. Tukiendelea kuahirisha, uvimbe ungepata nafasi ya kurudi. Tukilazimisha, homa yoyote ndogo ingeweza kunimaliza. Akanipa masharti: nisikae na watu wenye mafua, nisile kitu kisichoiva, hata kachumbari niache, na nikisikia joto mwilini nije siku hiyohiyo. Nikaandika yote kwenye daftari la maandalio ya masomo, kwa mwandiko mzuri.

Sasa nikueleze kuhusu mama yangu. Mama alikuwa akiishi ng'ambo ya korongo, kwenye kihamba cha baba yetu, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa alikozikwa baba na babu. Alizaa watoto wanane. Saba walikwenda Dar es Salaam, Arusha na Mwanza; mimi niliolewa karibu, kwa hiyo nilikuwa mkono wake wa kulia. Kila Jumapili baada ya misa alipita kwangu. Jumapili ile alipita, akanikuta nimejilaza, akamuuliza Baba Rozi wamesemaje hospitali. Baba Rozi, kwa kufupisha kama kawaida yake, akajibu kwamba damu imeshuka.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo asiye Mchaga asingelifanya. Kwetu mwanamke akijifungua hupewa mlaso: damu ya mbuzi iliyokingwa kwenye kibuyu, ikachanganywa na maziwa na siagi, ikapashwa moto kidogo tu isije ikaharibika. Mama alinipa mlaso nilipomzaa Rozi. Yeye alipewa na mama yake mara nane. Aliposikia damu imeshuka hakuwa na la kujiuliza. Jumanne alikuja amebeba kibuyu kifuani, amekifunga kwa kanga kisipoe.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Amka unywe. Nimechinja yule beberu mweusi."

"Mama, daktari amekataza vitu visivyoiva."

"Daktari amekataza mlaso?"

"Hajautaja."

"Basi hajaukataza. Wamesema damu yako imepungua. Sasa wewe unataka tuirudishe kwa nini, kwa chai ya rangi?"

Ningeweza kukataa. Daftari lilikuwa mezani, mwandiko ni wangu. Lakini mama alikuwa amevuka korongo kwa miguu yake ya miaka sabini na kitu, beberu yule alikuwa ndiye wa mwisho zizini, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili harufu ya chakula haikunigeuza tumbo. Nikanywa. Nikaomba kikombe kingine. Mama alinitazama nikinywa kwa uso ambao sijausahau. Alikuwa na furaha tupu.

Alhamisi saa sita mchana nilianza kutetemeka mbele ya watoto wa darasa la sita, chaki ikanidondoka. Mvua za masika zilikuwa zimeanza siku hiyo na barabara ilikuwa tope tupu. Wazee wa jirani walinishusha mpaka barabara kubwa kwa machela ya kuazima kanisani. Nakumbuka matone ya mvua yakinipiga usoni, na mmoja wao akimwambia mwenzake anibebe sawasawa, mimi si gunia la mbolea.

Nililazwa kwenye kona ya wodi, pazia limevutwa, dripu za dawa mikono yote miwili. Siku tatu za kwanza sizijui. Siku ya nne nilifumbua macho nikamwona mama amesimama penye pazia na kikapu chake. Ningependa kukuambia nilikuwa bado naweweseka. Nilikuwa na akili zangu zote.

"Mama, rudi nyumbani," nikasema. "Kibuyu chako kimetaka kuniua."

Mama aliweka kikapu chini, akakaza kanga yake, akatoka. Nesi alipokifungua kikapu alikuta sabuni, taulo, na gauni langu la kulalia, limefuliwa na kupigwa pasi. Hakikuwa na chakula cha aina yoyote. Alikuwa ameshaelewa kabla sijafungua mdomo.

Kesho yake Bwana Elia alikuja kunitoa damu pale kitandani. Nikamsimulia habari ya mlaso, nikitaka aniunge mkono. Alifunga chupa yake ya damu, akaandika jina, ndipo akasema.

"Mwalimu, tuliotesha vijidudu vilivyokuwa kwenye damu yako. Ni vile vinavyoishi tumboni mwa kila mtu. Kwangu vipo, kwa nesi vipo. Yawezekana ni mlaso umevichokoza, yawezekana sivyo. Chembe nyeupe zisipokuwepo, hata mate yako mwenyewe yanaweza kukulaza."

"Kwa hiyo si mama?"

"Hatujui. Usiunywe tena, hilo najua. Lakini kumhukumu bibi kwa vipimo vyangu, mimi sitakubali."

Nikageukia ukutani. Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile ilikuwa na uzito wake.

Homa ilipotulia, Bwana Elia alinichukua na kiti cha magurudumu mpaka ndani ya maabara, akaniambia nifunge jicho moja na kutazama kwenye hadubini. Niliona chembe nyekundu zimetapakaa uwanja mzima, hazijabanana kama kwenye picha za kitabu chetu. Nikamuuliza chembe nyeupe ziko wapi. "Ndiyo nakuonyesha," akasema. Akaanza kusogeza kile kioo taratibu, uwanja baada ya uwanja. Tulitafuta muda mrefu kabla ya kuiona moja.

"Sasa, wewe ni mtu wa migomba," akasema. "Mgomba ukishakata mkungu, unafanyaje?"

"Nakata shina. Machipukizi yanabaki."

"Ndani ya uboho ni hivyohivyo. Kuna seli mama, wataalamu wanaziita seli shina. Ni chache mno. Seli mama ikigawanyika inaweza kutoa mtoto atakayekwenda kuwa damu, na yeye mwenyewe akabaki mama, vilevile alivyokuwa. Ndiyo maana mtu anatengeneza damu mpaka uzeeni. Wote wakienda kuwa damu, shamba limekwisha. Wote wakikaa kuwa mama, hakuna ndizi."

"Na nani anaamua?"

Alifurahi kuulizwa; nilimwona. "Hapo ndipo mimi huvua kofia. Hakuna mkubwa mmoja anayeamua. Kuna protini, vitu vidogo vya kupeleka habari. Majirani wanaomzunguka seli mama mle ndani ya mfupa wanampelekea zao: wewe tulia, baki mama. Nyingine zinakwenda kwa watoto wake: damu inahitajika, gawanyikeni, kueni. Habari inafika mlangoni mwa seli, inashika, na ndani kazi inaanza. Akina mama wako bado wapo, Mwalimu. Watoto wao ndio waliopigwa na dawa, na waliobaki wanahitaji kuitwa kwa nguvu kidogo."

Nilikuwa nimefundisha uboho miaka kumi na minne na sikuwahi kujiuliza nani anauambia ufanye nini. Nilikaa kwenye kile kiti cha magurudumu, kichwa kipara, nikajawa na heshima kwa mifupa yangu mwenyewe. Mle ndani, wakati naogopa, wakati nagombana na watu, walikuwapo wachache waliokaa kimya wakiulinda umama wao. Sikuona aibu kulia pale, na Bwana Elia alijifanya anafuta kioo.

Dawa ya kuwaita ilikuwapo. Ni protini ileile ambayo mwili hujitengenezea, ila hii ilitengenezwa kiwandani na kutiwa kwenye vichupa vidogo. Moshi haikupatikana; daktari aliagiza Nairobi. Ilipasa ikae kwenye ubaridi njia nzima, kwa hiyo dereva mmoja wa basi la kutoka mpakani aliibeba kwenye chupa ya chai iliyojazwa barafu, na Baba Rozi aliipokea stendi ya Bomang'ombe. Abiria mwenzake aliyekaa naye kuja Moshi alimwomba amkaribishe chai. Baba Rozi, mtu wa maneno machache, alimjibu, "Hii ni ya mke wangu," akaikumbatia mpaka mwisho wa safari. Friji la zahanati ya parokia, lililokuwa likitumia mafuta ya taa na kuhifadhi chanjo za watoto, likapewa wageni saba. Sista Filomena, aliyesimamia zahanati, ndiye angenichoma nikisharuhusiwa kutoka hospitali, moja kila siku, siku saba.

Sindano ya pili ilipita bila kitu. Baada ya ya tatu nilianza kusikia maumivu ambayo sijawahi kuyasikia: kiunoni, katikati ya kifua, mgongoni, maumivu ya ndani kabisa yanayopiga na kuachia. Niliogopa ni saratani imeingia mifupani. Sista akacheka. "Huo ni uboho wako unafanya kazi. Nilisubiri uniambie." Aliponieleza hivyo nilirudi nyumbani nimejishika kiuno, nikitabasamu njiani. Mtu aliyeniona lazima alidhani dawa zimenipanda kichwani.

Jambo moja lilikuwa halijapona. Mama hakuwa amekanyaga kwangu tangu siku ile ya wodini. Jumapili mbili zilikuwa zimepita. Nilimtuma Baba Rozi na kilo ya sukari na maneno ya kuomba radhi; mama alipokea sukari, akasema, "Nimesikia." Nilimtuma Rozi, akarudi na ndizi za kupika, hakuna neno. Mama hakuwa mtu wa kununa. Ndiyo sababu niliogopa. Niliogopa kwamba nitapona, naye atabaki na lile neno langu mpaka kaburini, akiamini alitaka kuniua.

Siku ya sindano ya nne nilimwomba Baba Rozi akanikatie jani la isale kwenye mpaka wa shamba letu. Alinitazama, akatazama miguu yangu.

"Utaweza kuvuka korongo?"

"Tutapumzika njiani."

Kama hutoki huku, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na kwenye makaburi ya wazee. Aliyekosa hulichukua jani lake, hulifunga fundo, na kumpelekea aliyemkosea. Halihitaji hotuba. Aliyeletewa hawezi kulikataa. Hata kama moyo wake bado una moto, akilipokea kesi imekwisha, na kulirudisha hakuna. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo. Mimi sikuwahi kulibeba. Nilikuwa nalihesabu na mambo ya wazee.

Tulipumzika mara tatu. Tulimkuta mama shambani na panga lake, anapunguza machipukizi kwenye shina la mgomba. Kila shina alikuwa akiacha mama, mtoto na mjukuu, kama alivyotufundisha. Alituona, akasimama. Nikamwamkia, nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

Alifuta mikono kwenye kanga. Akalipokea, naye kwa mikono miwili.

"Umetembea na mifupa hiyo?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mwehu wewe." Akanishika mkono, akanikalisha kwenye kigoda cha jikoni kwake. Ndipo akasema lile alilokuwa amelibeba. "Kile kibuyu nimekipasua. Kila nilipokiona nilikuwa nasema, nimezaa wanane, na huyu aliyebaki karibu nimemmaliza mwenyewe."

Nikamweleza yote aliyosema Bwana Elia: kwamba hakuna anayejua, kwamba vijidudu vilikuwa vyangu, kwamba mimi ndiye niliyejua masharti na bado nikaomba kikombe cha pili. Nikamwambia nimekosa, kwa maneno hayohayo, ingawa jani lilikuwa limeshasema. Mama alisikiliza huku analigeuzageuza mkononi.

"Na hiyo sindano ya Sista ina nini ndani?"

"Ni habari tu, mama. Protini ndogo sana. Mwili wangu huitengeneza wenyewe, sasa imepungua. Inakwenda mpaka kwenye uboho, inafika mlangoni kwa zile seli, na zikishaipokea zinaamka zinaanza kugawanyika, zinaleta damu."

"Zikikataa?"

"Haziwezi kukataa. Ikishashika mlangoni, imepokelewa."

Mama alitazama jani, akanitazama mimi.

"Basi hiyo ni isale," akasema, akainuka kwenda kukoroga chungu.

Baba Rozi ndiye aliyecheka kwanza. Mimi nilikaa na chuo changu cha ualimu na miaka yangu kumi na minne ya ubaoni, nikakiri moyoni kwamba sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile. Mama alinipakulia mtori. Ulikuwa umechemka mpaka nyama imepotea ndani ya ndizi, hakuna wa kumtambua mwenzake. "Nimeuweka motoni tangu asubuhi," akasema. "Sista alinipitishia habari kwamba vitu vyako viive. Sasa sema haujaiva." Nikala wote. Ndizi zilinukia ndizi.

Nitakuambia mambo machache kabla sijamaliza. Ukipata homa katikati ya matibabu, usisubiri mtu amalize kuchuma kahawa, nenda. Chakula ambacho huna hakika nacho, uliza kwanza, halafu uwe na moyo wa kumwambia aliyekuletea kwa upole, kwa sababu aliyekuletea anaogopa kuliko wewe. Ukisikia mifupa inauma baada ya sindano kama zangu, mwambie nesi, usijifungie ndani na hofu. Na ukimwambia mtu neno baya kitandani, usijifiche nyuma ya ugonjwa. Nililifanya hilo kwa wiki mbili, nalo halikunisaidia kitu.

Baada ya sindano ya saba tulikwenda Moshi watu watatu. Mama alikataa kubaki. Alikaa kwenye benchi la kijani katikati yetu, na mkungu mdogo wa ndizi mbivu miguuni, akiwauliza wagonjwa wenzangu mmoja mmoja wanatoka wapi na wamezaliwa na nani. Nilitolewa damu, tukasubiri. Mlango ulipofunguka, Bwana Elia alikuja na karatasi, akanitazama usoni kama desturi yake, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Njooni ndani," akasema. "Shikamoo, Bibi. Na wewe pia njoo."

Dripu zangu zilizobaki nilipata zote, nyingine zikifuatiwa na chupa ya chai kutoka Nairobi, na nilimaliza Julai, kwenye baridi na ukungu, badala ya Pentekoste. Uvimbe haujarudi. Lakini mimi huhesabu kupona kwangu tangu siku ile ndani ya maabara. Bwana Elia alimvutia mama kiti, akamwonyesha namna ya kufunga jicho moja, akamwelekeza kwamba zile zenye doa la zambarau lililojikunja katikati ndizo chembe nyeupe, changa, zimetoka mfupani kwa mwanawe juzi na jana. Mama aliinama. Alikaa vile kwa muda mrefu, mkono mmoja umeshika meza, na midomo ikawa inatembea. Nilijua anahesabu.

"Wako wengi," akasema.

"Wengi, Bibi," Bwana Elia akajibu.

Mama alinyanyua kichwa, akakaza kanga yake. Nilidhani sasa atamshukuru fundi na kumkabidhi zile ndizi. Ndizi alikuja kumpa baadaye. Kwanza aliinama tena kwenye ile hadubini, akasogeza mdomo karibu, na kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na wageni waliofika kwa taabu, akawashukuru kwa Kichaga, "Aika."